Rauta ikipiga teke, ikiunguza au ikitetemeka: tafuta sababu kabla hujaendelea

Rauta ya useremala ni mashine ya kuchonga mifereji na kingo za mbao. Huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika, na kisu chake, kiitwacho biti, kiko wazi karibu kabisa na vidole. Hata hivyo, ni nadra imjeruhi mtu bila kutoa dalili kwanza. Sauti hubadilika, ubao hunuka moshi, mkono huhisi kuvutwa. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyeiona dalili akasema ngoja nimalizie kipande hiki kimoja.

Kwa dalili yoyote kati ya hizi, mwanzo ni uleule: toa biti kwenye ubao, zima swichi, subiri biti isimame kabisa, kisha chomoa plagi. Usiiache plagi kwenye soketi kwa kuwa swichi imezimwa. Swichi nyingi za rauta ziko palepale mkono unaposhika, na ni rahisi kuibonyeza bila kukusudia huku unakaza nati. Plagi ikae juu ya meza, mbele ya macho yako, mpaka kazi ya kubadilisha biti iishe.

Mashine inapiga teke, inakimbia au inaacha mstari

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni upande unaoelekea. Rauta ya mkono ikitazamwa kutoka juu, biti yake inazunguka kufuata mishale ya saa. Kwa hiyo ukingo wa nje wa ubao unazungukwa kinyume cha saa, na ukingo wa ndani wa fremu au wa tundu unazungukwa kufuata saa. Kama hayo yanakuchanganya, shika kanuni moja inayofanya kazi kote kuwili: unapoisukuma mashine mbele, ukingo unaoukata uwe upande wako wa kushoto. Hapo meno yanakutana na ubao uso kwa uso. Yanairudisha mashine kwako nawe unaisukuma, na mambo yanakuwa mikononi mwako. Ukienda kinyume, meno yanaupanda ubao kama gurudumu linavyopanda barabara, na mashine inaondoka nawe.

Mfereji uliopinda nao una chanzo hichohicho. Rauta inayosukumwa mbele katikati ya ubao huvutwa kushoto. Ukifunga rula ya mbao kulia kwake, kila fundo litaiondoa mashine kwenye rula. Ifunge kushoto, na mvuto huohuo utaibana mashine kwenye rula mpaka mwisho wa mkato.

Kwenye meza ya rauta kila kitu kinageuka, kwa sababu mashine iko kichwa chini. Ukiwa mbele ya meza, fensi (ukuta wa kuongozea ubao) ikiwa nyuma ya biti, ubao unaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Kosa baya kuliko yote hapa ni kupitisha kipande *kati* ya fensi na biti, kwa mfano mtu anapotaka kupunguza upana wa utepe mwembamba. Biti inakinyakua kipande na kukirusha, na mkono uliokuwa ukikisukuma unaendelea na safari yake kuelekea kwenye meno. Hakuna ustadi unaofanya mkato huo uwe salama. Biti imezwe na fensi: fensi ichongwe nafasi ili biti ikae ndani yake, na sehemu tu ya makali itokeze mbele.

Kuna namna iliyofichika ya kosa hilo, nayo huwapata hata wazoefu: kupanua mfereji uliokwisha kuchimbwa mezani. Ukisogeza fensi ili biti ile ukuta wa mfereji ulio upande wa fensi, tayari unakata kinyume bila kujua. Anza na ukuta ulio karibu na fensi, kisha irudishe fensi nyuma, mbali na biti, ili mkato wa pili ule ukuta ulio upande wako.

Upande ukiwa sahihi na teke bado lipo, chunguza haya:

Kina cha mkato. Kwa biti yenye shina la milimita 6 au 8, usizidishe milimita 3 kwa mpito mmoja. Shina la milimita 12 linavumilia 6 hivi kwenye mbao za wastani. Kwenye mpingo au mkongo punguza nusu. Mfereji wa kina cha milimita 12 ni mipito minne, na muda unaoongezeka ni dakika chache.

Mahali pa kuanzia. Biti yenye beringi (gurudumu dogo linaloegemea ukingo) ikitumiwa mezani bila fensi, hasa kwenye kona au kwenye kichwa cha ubao ambako nyuzi zimekatwa, huukamata ubao kabla haujagusa beringi. Ndiyo maana meza ina tundu la pini. Egemeza ubao kwenye pini kwanza, uzungushe taratibu mpaka uguse beringi, kisha endelea. Anza katikati ya ukingo, si kwenye kona.

Kuwasha biti ikiwa imegusa ubao. Mashine isiyo na mwanzo wa polepole hutikisika kwa nguvu inapowashwa. Ishike kwa mikono miwili, biti ikiwa hewani, ifike kasi kamili ndipo uingie.

Ubao usiofungwa vizuri. Klampu moja haizuii kitu. Ubao unazunguka juu yake. Weka mbili angalau, na kabla ya kuwasha, pitisha mashine ikiwa imezimwa njia nzima uone kama kitako au waya utagonga klampu katikati ya safari.

Ukinunua biti kubwa kwa kazi ya mkono, tafuta alama ya MAN kwenye shina. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 847-1, alama hiyo inamaanisha biti imetengenezwa kwa kusukumwa kwa mkono: mwili wake ni mnene nyuma ya makali, na jino halitokezi zaidi ya milimita 1.1, hivyo haliwezi kung'ata kipande kinene kwa mara moja. Ile yenye MEC ni ya mashine zinazojisukumia ubao zenyewe.

Kina kinaongezeka chenyewe katikati ya mkato

Mfereji ulianza na milimita 5 na mwisho wake una 7. Biti inatoka kwenye koleti, yaani kishikio kinachobana shina lake. Hii ni dalili ya kusimamisha kazi siku hiyohiyo, kwa sababu hatua inayofuata ni biti kuchomoka.

Chanzo cha mara kwa mara katika karakana zetu ni kuchanganya inchi na milimita. Biti za robo inchi zina shina la milimita 6.35, na mashine nyingi zinazouzwa zina koleti ya 6 au ya robo inchi. Biti ya 6 ikiwekwa kwenye koleti ya robo inchi huingia, nati inakaza, na mkononi inaonekana imeshika. Haijashika, inabanwa mahali pachache tu. Vivyo hivyo 12 ndani ya nusu inchi, ambayo ni 12.7. Usitumie karatasi, bati la kopo wala utepe kujazia nafasi. Nunua koleti ya saizi yake, au kijibushi (kipete cha kupunguza tundu) kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Kama huna kalipa ya kupimia shina, nunua hiyo kabla ya biti nyingine.

Saizi ikiwa sahihi, tazama uwekaji:

1. Toa biti, fungua nati, toa koleti. Futa ndani na nje kwa kitambaa kikavu, na utomvu ulioganda usugue kwa brashi laini ya shaba. Usipake mafuta wala grisi. Koleti inashika kwa msuguano.
2. Tazama shina la biti. Pete nyeusi au mikwaruzo inayozunguka ni ushahidi kwamba imeshawahi kuteleza. Doa dogo linasafishwa kwa msasa laini wa 600. Shina lililochimbika ni la kutupa.
3. Ingiza biti mpaka igote chini, kisha ivute juu milimita 2 hadi 3. Koleti inapokazwa hushuka kidogo kwenye koni yake. Biti iliyogota haina pa kushukia, nati inakuwa ngumu mkononi ilhali shina halijabanwa. Hakikisha pia koleti haishiki ule mviringo ulio chini kidogo ya meno, maana hapo shina si duara safi.
4. Sehemu ya shina iliyo ndani isipungue milimita 20. Kama kina unachotaka kinakulazimu kuivuta zaidi, unahitaji biti ndefu au koleti ya kurefusha, si kuvuta zaidi.
5. Kaza kwa spana mbili, au spana na kifungio cha mhimili, kwa nguvu ya mkono tu. Bomba la kurefushia spana huharibu koleti.
6. Piga mstari mwembamba kwa kalamu ya wino palepale shina linapoingia kwenye nati. Baada ya mpito wa kwanza zima na utazame mstari. Ukiwa umepanda, rudi namba 1.

Nati ya rauta nyingi hufunguka kwa hatua mbili: inalegea, inazunguka kidogo, kisha inakaza tena kabla ya kuachia biti. Wengi hudhani imenasa na kuanza kugonga biti kwa nyundo. Endelea kufungua tu. Na usikaze nati kamwe koleti ikiwa tupu, hata kwa kuhifadhi, kwani mipasuo yake hujibana na hairudi.

Biti zenye makali yaliyojisokota kama parafujo, zinazovuta maranda juu, huongeza tatizo, kwa kuwa zinajivuta zenyewe kuingia ndani ya ubao. Kwa hizo, koleti iliyochakaa haina msamaha. Ipime hivi: ingiza biti mpya, kaza nati kwa vidole tu, tikisa ncha ya biti. Ikicheza kama jino bovu, mdomo wa koleti umepanuka na haurekebishiki.

Inatetemeka, au inapiga mluzi usio wa kawaida

Biti kubwa kwa kasi kubwa ndiyo sababu ya hatari zaidi. Hesabu yake haifichi kitu: biti ya paneli za milango yenye kipenyo cha milimita 80, ikizungushwa mara 22,000 kwa dakika, ncha zake zinakwenda mita 92 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Kwa mizunguko 10,000 zinashuka hadi mita 42. Jino la kabaidi (kitu kigumu sana cha makali) lililounganishwa kwa kuyeyushiwa madini halihitaji udhuru mkubwa kung'oka kwa kasi ile ya kwanza.

Kipenyo mpaka milimita 25 kinavumilia 22,000 hadi 24,000. Kati ya 25 na 50, shuka mpaka 18,000. Mpaka 65, 16,000. Juu ya hapo hadi 90, 10,000 hadi 12,000. Kama shina limeandikwa n max (kasi ya juu kabisa) na namba, namba hiyo inatangulia mbele ya makadirio haya. Biti inayozidi milimita 50 itumike mezani pekee, fensi ikiwa imefungwa. Trima, yaani rauta ndogo za mkono mmoja, ambazo nyingi huzunguka 30,000 bila kidhibiti cha kasi, zisifungwe biti kubwa hata kama shina linaingia.

Kasi ikiwa sawa, weka biti nyingine. Tetemeko likiisha, ile ya kwanza imepinda, imepoteza kipande cha jino au ina utomvu upande mmoja. Likibaki, chomoa plagi, shika mhimili na uutikise pembeni: mchezo wowote unaousikia kwa vidole ni beringi za mota. Zungusha kwa mkono usikilize. Beringi nzima haikwaruzi.

Hapa lisemwe la seti za biti 15 au 35 za bei ya chini zinazouzwa kwenye kisanduku cha mbao. Zinafaa kujifunzia kwa paini. Ila kabla ya kuzitumia, tazama kila moja kwenye mwanga: pengo kati ya kabaidi na chuma, jino moja refu kuliko mwenzake, shina linalocheza kwenye koleti mpya. Yenye lolote kati ya hayo isiingie mashineni. Biti tano nzuri zinatosha kazi nyingi za nyumbani: mbili za kunyoosha, moja ya raundi, moja ya kufuatisha kiolezo yenye beringi, na moja ya ribeti, yaani ngazi ya ukingoni.

Ubao unaungua, moshi unatoka

Moshi hauleti jeraha wenyewe, ila unakusukuma kwenye lile linaloleta: kukandamiza. Makali butu hayakati, yanasugua. Mtu anaongeza nguvu, mkono unateleza.

Kama alama nyeusi ziko mahali uliposimama au kwenye kona tu, ni mwendo wako: usisite, na ukibadilisha mshiko, toa biti kwanza. Kama ziko njia nzima, punguza kasi ya mzunguko hatua moja na uongeze kidogo mwendo wa kusukuma. Bado? Safisha biti. Toa beringi yake, loweka meno katika maji ya moto yenye sabuni ya vyombo na kijiko cha soda ya kuokea kwa nusu saa, sugua kwa brashi ya plastiki, kausha kabisa. Baada ya usafi, pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu juu ya makali: makali mazima hukwangua ukucha, butu huteleza. Mtiki una chembe za silika na mvule huwa na mawe ya chokaa ndani yake. Zote mbili humaliza makali mapema kuliko mninga au paini, kwa hiyo usishangae biti mpya ikachoka katika kazi moja ya mvule.

Beringi ya biti iliyokwama nayo huunguza, lakini alama yake ni mstari mwembamba unaong'aa mahali beringi inapopita. Ibadilishe.

Ukingo unachanika

Kata vichwa vya ubao kwanza, pande ndefu baadaye; kilichomeguka kwenye kona kitaondolewa na mkato wa upande mrefu. Kama vichwa pekee ndivyo vinakatwa, bana kipande cha mbao taka nyuma ya kona biti inapotokea. Mchaniko una hatari yake pia: kibanzi kirefu kinachong'oka huiachia mashine ghafla, nawe bado unasukuma.

Vidole vinakaribia biti

Hii nayo ni dalili, na dawa yake si uangalifu. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 kisisukumwe mezani kwa mikono mitupu. Chonga umbo kwenye ubao mpana na mrefu, kisha ukate kipande chako kwa msumeno. Isipowezekana, kifunge kwenye kibebeo chenye vishikio viwili. Fensi iwekewe ubao wa vidole (uliopasuliwa vipande vyembamba vinavyonyumbuka) unaokibana kipande, na pengo la meza kuzunguka biti lizibwe kwa pete lisizidi milimita chache, maana ncha ya ubao ikizama humo, mkono huifuata.

Glavu hazivaliwi. Uzi mmoja ukinaswa unavuta mkono mzima. Vilevile pete, saa, mikono mirefu ya shati, mtandio, na misuko isiyofungwa nyuma.

Matatizo ya umeme

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi na uchomoe plagi palepale, kabla ya kwenda kuuliza majirani kama na kwao umekatika. Swichi ya kawaida ya rauta hubaki imewashwa. Umeme ukirudi baada ya saa moja, mashine uliyoilaza mezani inaamka na kutembea. Kwenye meza ya rauta funga swichi ya sumaku yenye kitufe cha kijani na chekundu: umeme ukipotea inaachia, na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kijani.

Mashine ikipoteza nguvu, tazama waya wa ekstensheni kabla ya mota. Rauta ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwa volti 230. Waya wa milimita 1.5 za mraba unafaa mpaka mita 25 hivi. Zaidi ya hapo, 2.5. Ukunjue wote. Uliobaki kwenye roli hupata joto mpaka plastiki inayeyuka.

Cheche ndogo za buluu kwenye matundu ya mota ni kawaida. Zikiwa duara la moto linalozunguka, kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota zimeisha. Zibadilishe zote mbili zikifikia milimita 5 au 6.

Mashine za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120, za Japani ni 100. Ukiichomeka kwenye 230, mota haiungui tu: kwanza inapanda kasi kupita kipimo chochote cha biti iliyomo. Soma kibati, na utumie transfoma inayozidi wati za mashine kwa theluthi moja angalau.

Masikio yanavuma, pua inawasha, vidole vinakufa ganzi

Rauta ikikata hufikia desibeli 100 bila shida. Kwa pendekezo la NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, kelele ya 85 inavumilika saa 8, ya 100 dakika 15 tu. Vizibo vya povu ni vya bei nafuu. Viringisha, vuta sikio juu, ingiza, shikilia mpaka vitanuke.

Vumbi la mbao liliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1995. Mvule na mninga huwasha pua na kifua kwa watu wengi, na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) huongeza gundi yenye formaldehaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo. Vaa barakoa ya FFP2 au N95, uibane vizuri puani, na usiivue mara mashine inapozimwa, kwa sababu vumbi laini kabisa hubaki hewani muda mrefu baada ya maranda kutua. Miwani ya kawaida ya kusomea haina kinga ya pembeni, kwa hiyo vaa ya kazi juu yake.

Ganzi ya vidole baada ya kazi inatokana na mtetemo. Pumzika kila baada ya dakika 15 hadi 20, legeza mshiko, kisha rudi kwenye sehemu ya tetemeko uitafute sababu.

Ukikatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua mkono juu ya kifua, nenda hospitali. Kipande cha kidole kikitengana, kizungushie shashi yenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu.